Miwani ya kwanza ukiwa mtu mzima, Nairobi: kuanzia kupimwa hadi kuizoea

#1 LenziSafi
Wadau, maswali ya miwani ya kwanza huulizwa vipande vipande na majibu yanapotea. Tuyaweke pamoja hapa. Uzi huu ni wa mtu mzima ambaye hajawahi kuvaa miwani, awe na miaka 22 au 52, yuko Nairobi na hajui aanzie wapi. Wenye ujuzi wajazie, mwenye swali aulize.

Kwanza dalili. Ukiwa stejini, namba ya matatu unaisoma ikiwa imeshakukaribia, ilhali wenzako wameshaanza kujipanga. Usiku kwenye Thika Road taa za magari yanayokuja zinatoa miale mirefu. Unakunja macho ukitazama ubao au televisheni. Ikifika jioni baada ya kazi ya kompyuta, kichwa kinauma juu ya nyusi. Na kwa aliyevuka 40, simu inazidi kusukumwa mbali na uso ndipo maandishi yatulie.

Kuna jaribio la nyumbani ambalo wapimaji wenyewe hulitumia. Chukua kadi ngumu, itoboe kwa pini tundu la milimita moja hivi. Funika jicho moja, soma maandishi ya mbali kwa jicho lililobaki, kisha uyasome tena ukichungulia kwenye tundu. Yakionekana makali zaidi kupitia tundu, kuna uwezekano mkubwa kwamba miwani itakusaidia. Yasipobadilika, au yakififia, usianzie duka la miwani. Anzia kliniki ya macho, maana huenda tatizo liko kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho), kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, au ni mtoto wa jicho. Rudia kwa jicho la pili. Mara nyingi ni hapo mtu hugundua kwamba jicho moja limekuwa likifanya kazi ya mawili kwa muda mrefu.

Haya hayangoji miadi: kuona kupotea ghafla, mimweko ya mwanga pamoja na vidoadoa vingi vipya, kivuli kinachofunika upande mmoja wa jicho, jicho jekundu lenye maumivu makali, au kuanza ghafla kuona kitu kimoja viwili. Hospitali, siku hiyo hiyo.

#2 MamaUmoja
Asante kwa kuanzisha. Sasa mtu aende hospitali au duka la miwani pale mjini? Na hii ya kupimwa bure ni sawa?

#3 LenziSafi
Mama, inategemea umri na afya. Kijana mwenye afya njema anayeona mbali kwa shida anaweza kupimwa dukani, mradi anayempima amesomea optometria (taaluma ya kupima macho) na hakuishia kwenye kubonyeza mashine. Ila ukiwa na miaka 40 na zaidi, au una kisukari, au presha, au kuna mtu wa damu yako aliyepata glakoma, usipimwe miwani peke yake. Omba macho yakaguliwe yote: presha ya jicho ipimwe na mshipa wa nyuma utazamwe. Glakoma ni ugonjwa unaoharibu mshipa huo polepole; aina yake ya kawaida haiumi na haitoi dalili mapema, na watu weusi tumo katika kundi linaloipata zaidi na mapema zaidi. Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya 10 na 21, lakini kuna wenye glakoma na presha iko humo humo, ndiyo maana mshipa lazima utazamwe kwa macho ya daktari.

Kliniki za macho zinazofahamika ni ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Lions SightFirst kule Loresho, na PCEA Kikuyu nje kidogo ya jiji. Zipo pia za binafsi, kwa mfano Upper Hill.

Kupimwa bure: gharama iko ndani ya bei ya miwani. Hakuna ubaya, lakini uliza kabla hujakaa kwenye kiti, "Nisiponunua hapa leo, nitapewa karatasi ya vipimo vyangu?" Wakikataa, tafuta kwingine na ulipie kipimo. Karatasi hiyo ndiyo inayokupa uhuru wa kulinganisha bei mitaa yote ya mjini.

Mwenye kisukari aongeze hili: sukari ikipanda na kushuka, namba za macho hubadilika nayo. Subiri sukari itulie kwa wiki kadhaa ndipo upimwe miwani, la sivyo utanunua miwani ya wiki moja.

#4 PimaTena
Niongeze kuhusu kipimo chenyewe, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi huanzia.

Nenda asubuhi, ukiwa umelala vizuri, kabla macho hayajachoshwa na kompyuta. Beba majina ya dawa unazotumia. Ukiwekewa matone ya kupanua mboni, kuona karibu kutasumbua kwa saa kadhaa na jua litakuumiza, kwa hivyo usiende ukiendesha gari.

Utaanza kwa kuweka kidevu kwenye mashine na kutazama picha ya nyumba au puto. Inatoa namba kwa sekunde chache. Namba hizo ni za kuanzia tu. Mtu akizichapisha na kukuuzia miwani papo hapo, hujapimwa bado. Macho ya kijana hujikaza ndani ya mashine hiyo, na namba hutoka ikiwa na nguvu ya ziada.

Baada yake ni fremu ya majaribio, ile nzito ya duara inayotiwa lenzi moja moja. Jicho moja linafunikwa, unasoma herufi zilizo umbali wa mita 6, au umbali mfupi zaidi kwenye chumba chenye kioo cha kurudisha picha. Atakuuliza, "Ya kwanza au ya pili?" Zikilingana, sema zinalingana. Watu hubuni jibu kwa kuona haya, na jibu la kubuni linaingia kwenye lenzi. Angalia hili hasa: akibadilisha lenzi na herufi zikawa ndogo na nyeusi zaidi lakini hukuongeza hata herufi moja uliyosoma, mwambie hivyo hivyo. Hiyo ni dalili kwamba nguvu imezidi, na nguvu iliyozidi ndiyo inayomrudisha mtu na maumivu ya kichwa.

Kuna pia jaribio la nyekundu na kijani: herufi upande wa nyekundu na upande wa kijani zikaribie kulingana kwa ukali. Kwa asiyeona mbali, kijani ikishinda kwa wazi, nguvu imezidi.

Mwisho, omba uvae fremu ya majaribio kwa dakika kumi. Tembea kwenye korido, tazama nje barabarani, soma simu yako. Sakafu ikiinama sana, sema kabla lenzi hazijakatwa.

#5 Abiria58
Hizo namba kwenye karatasi zinasomwaje? Kuna mtu wa karibu amepimwa sehemu mbili akapewa namba tofauti kabisa za jicho la kulia. Moja inasema −1.25 / −0.50 × 180, nyingine −1.75 / +0.50 × 90. Nani kakosea?

#6 PimaTena
Hakuna aliyekosea, ndugu. Ni miwani ile ile imeandikwa kwa mitindo miwili. Jumlisha namba mbili za kwanza: −1.25 na −0.50 ni −1.75. Geuza alama ya namba ya kati, sasa ni +0.50. Zungusha mhimili kwa digrii 90, 180 inakuwa 90. Fanya hesabu hiyo kabla hujamlaumu mpimaji.

Kwa utaratibu: R au OD ni jicho la kulia, L au OS ni la kushoto. SPH ndiyo nguvu kuu. Alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali, alama ya kujumlisha ni ya anayesumbuka zaidi na karibu. Hupanda kwa hatua za 0.25. CYL ni astigmatizimu, yaani jicho halijapinda sawa pande zote, na AXIS ni mwelekeo wake kuanzia 1 hadi 180. Palipo na CYL bila AXIS, karatasi haijakamilika, irudishe. ADD ni nguvu ya kuongezea kwa ajili ya kusoma, na humhusu zaidi aliyevuka 40. DS au PL kwenye CYL maana yake hakuna astigmatizimu.

Ukiona CYL kubwa inayoongezeka kila ukipimwa, na ni mtu wa macho ya mzio anayeyasugua sana, omba upelekwe kupimwa umbo la konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho). Keratokonasi, ugonjwa wa konea kuchongoka, huanza hivyo, na kusugua kunaizidisha.

#7 FundiFremu
Sasa nije kwenye kitu ambacho mara nyingi hakiandikwi kwenye karatasi hata kidogo: PD, umbali kati ya mboni ya kulia na ya kushoto. Kwa watu wazima wengi ni kati ya milimita 54 na 74. Bila PD hata namba sahihi zinaharibika, kwa sababu kila lenzi ina kitovu, na kitovu hicho kinatakiwa kikae mbele ya mboni.

Hesabu yake ni rahisi. Zidisha nguvu ya lenzi kwa umbali wa kukosea ukiwa kwa sentimita, jibu ni prizimu, yaani kiasi ambacho lenzi inahamisha picha kutoka mahali pake. Lenzi ya −4.00 iliyokosea milimita 5 ni 4 × 0.5, yaani prizimu 2 kwa jicho moja. Jicho la pili likikosea hivyo hivyo, ni 4 kwa pamoja. Macho yanavutana siku nzima na jioni kichwa kinapasuka. Kwa lenzi ya −1.00 kosa lile lile linatoa nusu prizimu kwa jicho, wengi hawatalihisi. Kwa hiyo kadiri namba zako zinavyopanda, ndivyo unavyopaswa kuwa mkali kuhusu PD. Omba ipimwe kila jicho peke yake kuanzia katikati ya pua, kwa mfano 31 na 32.5, kwa sababu pua chache sana ziko katikati barabara. Iandikwe kwenye karatasi yako.

Fremu nayo ina namba ndani ya mkono wake, mfano 54□18-140. Hizo ni milimita: upana wa lenzi, daraja la pua, urefu wa mkono. Jumlisha mbili za kwanza, 54 na 18 ni 72. Kama PD yako ni 62, kila lenzi itasogezwa ndani milimita 5, na kwa asiyeona mbali ukingo wa nje utabaki mnene. Fremu ya 48□20 inatoa 68, unasogeza milimita 3 tu na lenzi inakuwa nyembamba na nyepesi. Mwenye −5.00 akichagua fremu kubwa ya mtindo, hakuna lenzi ya bei yoyote itakayoficha ukingo ule.

Halafu pua. Fremu nyingi za plastiki zimechongwa kwa pua nyembamba yenye daraja la juu. Wengi wetu daraja letu ni pana na la chini, kwa hivyo fremu inateleza na kukaa mashavuni. Tafuta yenye vishikio vya pua vya silikoni vinavyokunjwa, au ya plastiki yenye daraja lililochongwa chini. Jaribu hivi dukani: ivae, inama utazame viatu, tikisa kichwa, kisha tabasamu sana. Ikishuka au mashavu yakiinua, iache.

#8 MamaUmoja
Na anayevaa hijabu, au mwenye boda anayevaa helmeti?

#9 FundiFremu
Mikono myembamba na iliyonyooka kwa wote wawili, ya chuma laini au titani. Mkono mpana wa plastiki unabanwa na helmeti juu ya sikio na maumivu yanaanza dakika ya ishirini. Mwenye hijabu apime akiwa ameivaa kama anavyoivaa kila siku, si kwa kuinua kitambaa, maana urefu wa mkono unabadilika. Na mtu wa boda achukue lenzi za polikaboneti. Hazivunjiki kwa urahisi kokoto likiruka.

#10 Abiria58
Hapo kwenye lenzi ndipo bei inaruka. Mtu anatajiwa 1.50, 1.56, 1.60, 1.67, blukati (za kuchuja mwanga wa bluu), antiglea (utando wa kupunguza mng'ao), za kugeuka rangi. Zipi ni za lazima?

#11 LenziSafi
Namba hizo zinaonyesha jinsi malighafi inavyokunja mwanga. Ikipanda, lenzi inakuwa nyembamba zaidi. Hadi karibu 2.00, iwe ya kutoa au ya kujumlisha, 1.50 inatosha kabisa na kuona kwake ni safi. Kati ya 2 na 4 fikiria 1.60. Kuanzia hapo 1.67 inaanza kuwa na maana. Kumuuzia mtu wa −1.00 lenzi ya 1.67 ni kumtoa pesa bure, tofauti haionekani kwa macho. Polikaboneti ni 1.59, ina nguvu, ila pembeni huweza kuonyesha kingo za rangi kwenye maandishi meusi.

Ningelipia vitu viwili: utando mgumu wa kuzuia mikwaruzo, na antiglea, hasa kwa anayeendesha usiku au kukaa chini ya taa za ofisi. Mengine ni hiari.

#12 Kasa_Kasarani
Sikubaliani. Blukati ni lazima kwa mtu wa kompyuta saa nane kwa siku. Macho yanaungua.

#13 LenziSafi
Kasa, macho kuchoka ni kweli, ila sababu iko kwingine. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalikusanya majaribio ya lenzi hizo na kuona kwamba, kwa muda mfupi, huenda hazipunguzi uchovu wa macho wa kompyuta zikilinganishwa na lenzi za kawaida. Mtu akikodolea skrini hupepesa kope mara chache, jicho linakauka na kuwasha. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, shusha skrini chini kidogo ya usawa wa macho, na hakikisha namba zako ni za umbali wa skrini, ambao kwa kawaida ni sentimita 60 hadi 70. Anayeipenda blukati aichukue, haitamdhuru, lakini asiikate bajeti ya kipimo kizuri kwa ajili yake.

Zile za kugeuka rangi: huchochewa na miale ya jua ambayo kioo cha mbele cha gari huizuia, kwa hiyo ndani ya gari nyingi hazigeuki vya kutosha. Na hugeuka nyeusi zaidi kwenye baridi kuliko kwenye joto. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi zitakuwa nyeusi kuliko mchana wa Februari. Dereva anunue miwani tofauti ya jua.

#14 MamaUmoja
Na sisi tuliovuka 40? Zile za kusoma zinazouzwa mkononi barabarani zina ubaya?

#15 PimaTena
Hazitaharibu macho, mama. Ubaya wake ni kwamba macho yote mawili yanapewa namba moja, hakuna astigmatizimu, na PD ni ya kukisia. Kama macho yako yanalingana na umeshakaguliwa glakoma, zinafaa kusomea risiti na ujumbe wa simu. Kwa makadirio, +1.00 miaka ya 40 na kitu, +1.50 karibu na 50, +2.00 karibu na 55, na +2.50 kuanzia 60. Usichukue kubwa kuliko unavyohitaji: +2.00 inakuwekea ukali kwenye sentimita 50, +2.50 kwenye 40, na ukisogeza kitu mbali zaidi kinafifia.

Anayehitaji mbali na karibu ana njia tatu. Miwani miwili, ambayo ni rahisi na haina mazoezi. Baifokali, yenye dirisha chini. Inaona mbali na karibu lakini kompyuta inabaki katikati bila mwenyewe. Progresivu, ambayo nguvu inaongezeka polepole kuelekea chini, hakuna mstari, ila pembeni kuna ukungu kidogo na unageuza kichwa badala ya macho. Ukichagua progresivu, lenzi ya fremu iwe na kimo cha milimita 30 hivi kutoka juu hadi chini, na fundi aweke alama ya kalamu mbele ya kila mboni ukiwa umesimama kawaida na fremu imesharekebishwa usoni. Akikata bila alama hiyo, anakisia.

#16 FundiFremu
Siku ya kuchukua, usilipe salio na kuondoka. Za kawaida mara nyingi hutoka siku hiyo hiyo, za CYL kubwa na progresivu huagizwa. Omba zipimwe mbele yako kwenye lensomita (mashine inayosoma nguvu ya lenzi) na ulinganishe na karatasi. Kwa nguvu za kawaida tofauti isizidi 0.12. Weka miwani mezani kichwa chini na uone kama inakaa bila kuyumba.

Unaweza kujihakikishia mwenyewe. Inyooshe mbele yako, tazama fremu ya mlango kupitia lenzi, kisha isogeze kushoto na kulia. Lenzi ya kutoa, mlango unafuata mkono wako. Ya kujumlisha, unakwenda kinyume. Izungushe kama usukani: kama mstari wa mlango unapinda na kujikata, kuna CYL ndani. Usipopinda kabisa na karatasi yako ina −1.50 ya CYL, lenzi si yako.

Kama unalipa kwa bima, uliza kabla: kiwango cha macho ni kiasi gani, fremu na lenzi zimetenganishwa, idhini inahitajika, na antiglea inalipwa au inatoka mfukoni.

#17 Abiria58
Ikishavaliwa, kuna dunia kuinama. Kawaida ni muda gani? Na ukizoea si macho yanalegea?

#18 PimaTena
Hayalegei. Kwa mtu mzima miwani haiongezi wala haipunguzi namba. Ukiivua unaona vibaya kuliko ulivyodhani kwa sababu sasa ubongo unajua ukali ulivyo.

Lenzi za kutoa hufanya vitu vionekane vidogo na mbali kidogo, za kujumlisha vikubwa na karibu, na CYL mpya huinamisha sakafu. Ivae tangu asubuhi unapoamka, siku nzima. Anayeivaa saa moja na kuivua huanza upya kila siku. Wengi hutulia ndani ya siku chache, na wiki mbili ni mpaka wa kungoja. Siku za kwanza shika reli kwenye daraja la waenda kwa miguu na kwenye ngazi za matatu, na gari la usiku liache kwanza.

Kuna yasiyongojewa wiki mbili: kuona viwili, jicho moja kubaki na ukungu, au kichefuchefu kisichopungua. Rudi na karatasi na risiti, na uombe mambo yakaguliwe kwa mpangilio huu: nguvu kwenye lensomita, mhimili, PD, jinsi fremu inavyokaa usoni, na mwisho kabisa kupimwa upya. Fremu iliyoshuka milimita chache au kupinda upande mmoja hurekebishwa kwa dakika tano na mara nyingi tatizo linaisha hapo.

#19 MamaUmoja
Usafishaji? Vumbi la huku kwetu halina huruma.

#20 FundiFremu
Maji kwanza, daima. Vumbi lina chembe ngumu za mchanga, ukisugua kavu kwa pindo la shati unachora lenzi. Suuza chini ya mfereji, tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na losheni, sugua kwa vidole, suuza, kausha kwa kitambaa cha nyuzi ndogo kilichofuliwa bila sabuni ya kulainisha. Maji ya moto usitumie, wala usiiache kwenye dashibodi juani: utando na lenzi hutanuka kwa viwango tofauti, na utando unapasuka kwa mistari myembamba ambayo haisafishiki. Ivue kwa mikono miwili, la sivyo bawaba ya upande mmoja inalegea. Na pitisha kwa fundi kila baada ya miezi michache akaze skrubu na kubadilisha vishikio vya pua vikigeuka njano au kijani.